Tezi za Ng'ombe Zikivimba, Si Kila Mara Ndigana



Mfugaji wa hapa Vwawa akiona ng'ombe amevimba tezi chini ya sikio au mbele ya bega, neno la kwanza ni ndigana kali. Mara nyingi hakosei. Ugonjwa huo huenezwa na kupe, huleta homa kali, na huua upesi. Lakini upo ugonjwa mwingine unaojificha katika tezi, nao hauna haraka: kifua kikuu cha ng'ombe.

Tezi ni vituo vya ulinzi wa mwili. Bakteria wakiingia kwa hewa hunaswa katika tezi za koo na kifua. Wakiingia kwa chakula hunaswa katika tezi za utumbo. Bakteria wa ugonjwa huu, Mycobacterium bovis, huweza kuishi humo muda mrefu, na tezi hujaa usaha mzito wa manjano. Kwa kuwa tezi nyingi ziko ndani, ng'ombe huweza kuonekana mzima kwa miezi au miaka huku akikamuliwa. Ndiyo maana mkaguzi wa nyama hupasua tezi machinjioni.

Hatari haiishii zizini. Bakteria hupita katika maziwa mabichi hadi kwa binadamu, na mara nyingi huvimbisha tezi za shingo. Mwaka 1998 watafiti, akiwemo Rudovick Kazwala wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, walichapisha taarifa ya uchunguzi wa bakteria wa jamii hii katika maziwa mabichi ya Nyanda za Juu Kusini. Mwaka 2001 walieleza kuwa Mycobacterium bovis alipatikana kwa wagonjwa wa tezi za shingo hapa Tanzania. Tena bakteria huyu hasikii pirazinamidi, mojawapo ya dawa za kawaida za kifua kikuu.

Kwa nini tunawaandikia ninyi? Kwa sababu ya kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Mtamba anayetoka familia moja kwenda nyingine ni baraka, lakini akiwa na ugonjwa, tunagawa ugonjwa pamoja na maziwa. Kwa hiyo tunaziomba kamati zizingatie haya:

1. Mtamba apimwe kabla ya kukabidhiwa. Mtaalamu wa mifugo humchoma sindano ndani ya ngozi ya shingo, kisha hurudi baada ya siku 3 kupima uvimbe.

2. Ng'ombe aliyegundulika atengwe na ushauri wa mtaalamu ufuatwe. Asitibiwe kienyeji wala asiuzwe kwa jirani.

3. Maziwa yachemshwe, hata yale ya kugandisha. Kugandisha peke yake hakuui bakteria hawa. Kuchemsha huua pia bakteria wa ugonjwa wa kutupa mimba, ambao nao hujificha katika tezi za kiwele.

4. Mtu mwenye uvimbe wa shingo usiopona aende hospitali, na amweleze daktari kwamba anafuga au hunywa maziwa mabichi. Matibabu ya kifua kikuu nchini ni bure.

Nanyi wafadhili, mkiona fungu la upimaji katika bajeti ya mradi, msilihesabu kuwa la ziada. Gharama yake ni ndogo kuliko kuondoa ng'ombe wa familia nzima, na ndogo zaidi kuliko kumtibu mtoto aliyeugua kwa kikombe cha maziwa tuliyompa kwa nia njema.