Jenereta ya Akiba na Waya wa Ardhi

Chama cha msingi kinachopoza maziwa, kukoboa kahawa au kusaga nafaka hakiwezi kungoja umeme wa gridi urudi. Ndiyo maana vyama vingi vimenunua jenereta za akiba. Lakini jenereta iliyofungwa bila kuunganishwa na ardhi ipasavyo yaweza kuwasha mashine zote vizuri, huku ikiwa imeondoa kinga yote iliyowekwa kwa ajili ya wafanyakazi. Inafaa makatibu na wanachama waelewe sababu yake.

Wengi hudhani kwamba umeme hutaka kuingia ardhini. Sivyo. Umeme hutaka kurudi mahali ulikotoka. Umeme wa gridi hutoka kwenye transfoma, na huko waya wa nyutro umekwisha kuunganishwa na ardhi. Umeme wa jenereta hutoka kwenye jenereta, nao hurudi huko huko. Swichi ya kubadilishia inapokata nyaya zote za gridi pamoja na nyutro yake, kile kiungo cha kwenye transfoma hakipo tena katika saketi ya chama. Kama jenereta haina kiungo chake yenyewe, mkondo unaovuja hauna njia ya kurudia.

Na ichukuliwe mfano wa mota ya kupozea maziwa. Mpira wa waya wa moto umechakaa, na waya umegusa bodi la chuma. Sakafu imelowa, na mfanyakazi anashika bodi hilo. Hapo yaweza kutokea mambo matatu.

La kwanza, nyutro ya jenereta haikuunganishwa na ardhi. Fyuzi haikatiki, mota inaendelea kuzunguka, na hitilafu inakaa kimya. Siku waya mwingine utakapogusa chuma cha mashine ya pili, mtu atakayeshika mashine zote mbili kwa pamoja aweza kuuawa.

La pili, nyutro imeunganishwa na fimbo ya ardhi, lakini bodi la mota lina fimbo yake mbali, wala hakuna waya kati yao. Mkondo unalazimika kupita katika udongo. Ukinzani wa njia hiyo ukiwa omu 50, volti 230 zitasukuma ampea 4.6 tu. Fyuzi ya ampea 30 haitakatika kamwe kwa kiasi hicho, na bodi litabaki na umeme.

La tatu, nyutro ya jenereta, bodi la jenereta, fimbo ya ardhi na mabodi yote ya mashine vimeunganishwa kwa waya mnene wa shaba. Njia hiyo haina hata omu moja. Mkondo hupanda ghafla, na saketi hukatwa.

Hata hivyo, jenereta ndogo haiwezi kutoa ampea nyingi kama transfoma, na fyuzi yaweza kuchelewa. Kwa hiyo ni lazima kiwepo pia kifaa cha kukata umeme unaovuja. Kile cha kulinda watu hukata mkondo unaovuja unapofikia miliampea 30. Kifaa hicho nacho hutegemea kiungo cha nyutro na ardhi. Ikumbukwe kwamba kitufe chake cha majaribio huthibitisha uzima wa kifaa tu, wala hakithibitishi kuwapo kwa kiungo. Hilo hupimwa na fundi kwa chombo.

Kiungo cha nyutro na ardhi kiwe kimoja tu, penye jenereta. Kikirudiwa kwenye ubao wa fyuzi, mkondo wa kazi utagawanyika na kupita katika waya wa ardhi na mabodi ya mashine kila siku, na kifaa cha kukata umeme kitavurugika. Fimbo ya ardhi nayo ipimwe wakati wa kiangazi, kwa maana udongo mkavu huongeza ukinzani.

Jambo la mwisho halina msamaha. Jenereta isiunganishwe kamwe kwa waya wenye plagi pande mbili. Umeme wake hurudi hadi kwenye transfoma, ambako volti 230 huweza kuinuliwa hadi 11,000, na fundi aliye juu ya nguzo akidhani laini imezimwa hupoteza maisha. Swichi ya kubadilishia ndiyo njia pekee iliyo halali.

Ni wajibu wa kila kamati kumwita fundi mwenye leseni apime kiungo, fimbo, nyaya za mabodi na swichi, jenereta ikiwa inafanya kazi. Katibu na aandike vipimo hivyo na tarehe katika daftari la mitambo, ili kamati itakayofuata ijue ilichokabidhiwa.