Kocha wa Pesa Atafikaje Kajiado?

Nina deni. Si deni la pesa bali ni deni la maelezo. Muhula uliopita, katika mkutano wa chama chetu cha Kiswahili, mwenzetu mmoja aliuliza: shirika likiwa na jambo zuri, mbona lisilipeleke kila mahali mara moja? Nilinyamaza, lakini jibu nilikuwa nalo, kwa kuwa swali hilo lilikuwa limekwisha kutusumbua nyumbani kwetu Kitengela. Leo nalipa deni.

Nianze na habari za nyumbani. Nilipokuwa darasa la nne, baba aliuza ekari tano kando ya barabara ya Namanga. Pesa zilikuja kwa mkupuo. Pikapu ikanunuliwa, jamaa tusiowajua wakaja kutuamkia, na kila harambee baba alikuwa mgeni wa heshima. Miaka miwili haikuisha kabla ya pikapu kukaa juu ya mawe, nami nikakaa nyumbani kwa kukosa karo. Ardhi ilikwenda, na pesa zikaifuata. Mama, ambaye ni mama mboga pale stendi, akaanza kukopa kwa simu. Leo anakopa huku alipe kule, kesho anakopa kule alipe huku. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali, na buyu letu lilikuwa limebaki harufu tu.

Kilichotuokoa ni shirika dogo lisilotafuta faida, lenye ofisi ya chumba kimoja. Shirika hilo lina watu wanaoitwa makocha wa pesa. Najua utauliza, kocha si wa mpira? Ndiyo, na kazi ni ile ile. Kocha wa mpira hakuchezei. Hukutazama ukicheza, akakuonyesha unapokosea, kisha wiki ijayo akarudi kukutazama tena. Kocha wa mama hakumpa hata shilingi. Alimpa daftari. Kila jioni mama aliandika kilichoingia na kilichotoka, nami ndimi niliyekuwa karani wake. Mwezi wa kwanza tuligundua kwamba riba na ada za mikopo ya simu zilikuwa zikimeza faida yote ya sukuma wiki. Ama kweli, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka mmoja baadaye madeni yalikuwa yamekwisha, nami nikarudi darasani.

Basi habari zikaenea. Akina mama wa Isinya, Kajiado mjini na Bissil wakaomba nao waletewe makocha. Shirika lilikuwa na makocha wawili tu na pesa za mfadhili za mwaka mmoja. Mkurugenzi akaitisha kikao, mama akaalikwa kama mwanachama wa zamani, nami nikabebwa kuandika kumbukumbu. Hapo ndipo nilipojifunza haya ninayokueleza.

Jambo la kwanza ni kwamba Kitengela si Kajiado, ingawa kaunti ni moja. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 iliikuta Kitengela na watu zaidi ya 150,000. Wengi wao huishi kwa mshahara au biashara ndogo, na wengine hufanya kazi katika viwanda vya Athi River. Pesa zao huja kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi. Ukishuka hadi Kajiado mjini, kama kilomita 50 hivi, na ukaendelea hadi Bissil, benki ya mtu ni ng'ombe na mbuzi. Pesa huja siku ya kuuza, na ukame ukija kama ule wa miaka ya 2021 hadi 2023, benki hiyo hufa ikiwa imesimama. Somo la kugawa mshahara wa mwezi halimfai mtu asiye na mwezi. Kwake somo ni lini auze mnyama akiwa bado mnene, na sehemu gani ya pesa hizo aiweke mahali pasipokula nyasi.

Jambo la pili ni kujifunza kwa waliotutangulia. Hapa hapa kwetu, mwaka wa 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi walio kusini mwa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Walilipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka, nao wakaahidi kutozungusha ua wala kuuza, ili wanyama wapite. Busara ya mpango huo ilikuwa katika wakati wa malipo. Yaligawanywa mara tatu kwa mwaka, karibu na kufunguliwa kwa shule, hivyo pesa zikaenda moja kwa moja kwenye karo. Laiti za baba zingekuja hivyo! Lakini udhaifu wake pia ulikuwa wazi: malipo yalitoka kwa wafadhili, na kila ekari iliyoongezwa iliongeza mzigo wa mfadhili. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Tuliona pia mwaka wa 2025, serikali ya Marekani ilipokatiza misaada yake mingi ghafla. Mashirika mengi ya huku kwetu yalifunga miradi kabla hata ya kuaga.

Kuna njia nyingine. Mwaka wa 1991, shirika la CARE lilianzisha nchini Niger vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopeshana akiba yao wenyewe, bila mtaji wa nje. Vikundi vya namna hiyo vimeenea Afrika nzima, na hata chama cha mama yako huenda ni mjukuu wao. Baadaye shirika la Catholic Relief Services lilijaribu nchini Kenya, Uganda na Tanzania utaratibu ambao mwalimu wa vikundi hulipwa na shirika wakati wa kujifunza kazi, kisha akishafuzu hulipwa ada na vikundi vyenyewe. Shirika likiondoka, mwalimu hubaki.

Katika kikao, wengi walitaka tufungue vituo vitano mara moja. Mama akasema, "Wazee, samahani. Tupige hesabu kwanza." Nikapewa chaki. Nakuomba uifuate hesabu hii nawe, ni ya mfano tu.

Tuseme kocha ana vikundi 8, kila kimoja anakizuru mara 2 kwa mwezi. Hayo ni mazuru 16. Kila kikundi kina watu 20, na kila mtu anatoa shilingi 25 kwa zuru moja, yaani shilingi 500. Kwa mwezi kocha anapata shilingi 8,000. Akizuru vikundi viwili kwa siku, atatumia siku 8. Sasa, kocha akitoka Kitengela kila siku, nauli na chakula tuseme ni shilingi 800. Mara 8 ni shilingi 6,400. Anabaki na shilingi 1,600. Nani atafanya kazi hiyo? Lakini kocha akiwa ni mkaaji wa Kajiado, boda boda ni shilingi 150 kwa siku, jumla shilingi 1,200. Anabaki na shilingi 6,800 kwa siku 8 za kazi, na siku nyingine anaendelea na duka lake au mbuzi wake. Ubao ulimaliza ubishi. Tatizo halikuwa idadi ya vituo, bali kocha analala wapi.

Nilidhani tumemaliza. Ndipo koko mmoja aliyetoka Isinya akainua fimbo yake. "Mtoto wangu," aliniambia, "mlitufundisha tuweke akiba. Sasa mnataka kuila?" Kimya. Swali lake lilikuwa na haki. Tulijadili hadi chai ikapoa, tukaafikiana hivi: mwaka wa kwanza kikundi hakitoi ada, shirika humlipa kocha. Mwisho wa mwaka kikundi kikishagawana akiba, wanachama wenyewe wapige kura kama wanamtaka kocha na kwa ada gani. Asiye na uwezo, kikundi kitaamua jinsi ya kumbeba. Na kikundi kikishaweza kusimama, kocha akizuru mara moja tu kwa mwezi, basi, ili apate nafasi ya kuanzisha vingine. Koko akasema, "Hapo sawa. Nikiona kazi, nitalipa."

Je, mfadhili hana kazi tena? Anayo. Pesa zake zilipie yale ya kuanzia: mafunzo ya makocha, madaftari, masanduku ya kufuli tatu, na mshahara wa kocha wa mwaka wa kwanza. Zisilipie yale yatakayohitajika milele. Msimamizi wa kuwakagua makocha yeye lazima abaki, na gharama yake ndiyo shirika litakayoitafutia njia kila mwaka. Hilo halifichwi.

Kisha nikathubutu, ingawa nilikuwa mdogo kuliko wote. Niliuliza, "Shirika lenyewe lina akiba ya miezi mingapi?" Mkurugenzi akacheka kwa haya. Hapakuwa na hata ya mwezi mmoja! Mganga hajigangi. Siku hiyo wakaamua shirika nalo lifungue daftari lake la akiba, hadi itoshe miezi sita, kabla ya kuvuka Isinya.

Mwisho tulichagua cha kupima. Kuhesabu waliohudhuria ni rahisi, lakini kiti kilichokaliwa si deni lililolipwa. Tutauliza mambo matatu baada ya miezi 6 na 12: deni limepungua? Akiba ipo? Daftari bado linaandikwa? Isinya wakifaulu kwa kura ya ada, tutaenda Kajiado mjini. Wasipofaulu, tutatengeneza kabla ya kusogea. Bissil watangoja, na tumewaambia hivyo waziwazi, ingawa iliniuma.

Hivyo basi, ndugu yangu uliyeuliza, jambo zuri halipelekwi kila mahali mara moja kwa sababu watu hawahitaji kulionja tu, wanahitaji likae. Kufikia ninapoandika haya, wanawake watatu wa Isinya wanajifunza ukocha, na mmoja wao ni binti wa yule koko. Mama ndiye anayewafunza siku za Jumamosi. Baba humwangalizia kibanda cha mboga, na jioni huandika daftari mwenyewe. Mwandiko wake ni mbaya, lakini hesabu inaingia.

Deni nimelilipa. Kalamu naiweka chini. Wasalaam.