Utepe Unaotunza Habari ya Joto

Kiwandani rangi hushikishwa kwenye poliesta kwa joto kavu la karibu nyuzi 200 za sentigredi. Kwa kuwa kipimajoto cha kioo hakipiti baina ya rola, hupitishwa utepe: tabaka lake jeupe huyeyuka kwa kiwango maalumu, likanywewa na karatasi nyeusi iliyo chini, na weusi ukadhihirika.

Mtoto wa Matombo asiyepata kuona viwanda vya Morogoro mjini ataelewa kwa mshumaa. Nyunyiza unga wa mshumaa uliokwaruzwa juu ya karatasi nyeusi, uiweke (mwalimu mwenyewe!) juu ya kifuniko cha sufuria ya maji yanayochemka. Karibu na nyuzi 60 nta huyeyuka. Karatasi ikisha kupoa, uliza: je, ni ya moto? Wengi, kwa kuona doa, watasema ndiyo. Usiwasahihishe, waiguse.