Mzoeshe Mbwa Mkubwa Kukaa Kizimbani

Katika mashamba yetu ya skimu ng'ombe ana boma lake, kuku ana banda lake, lakini mbwa hana mahali pake. Huzurura mchana kutwa. Mashamba yaliyogawiwa watu tangu mwaka 1962 yamekwisha gawanywa tena kwa wana na wajukuu, na mbwa akitembea hatua mia moja tu, amekwisha fika katika kondoo wa jirani.

Tena kuna jambo kubwa kuliko ugomvi wa kondoo, nalo ni kichaa cha mbwa. Mbwa akimwuma mtu, Bwana Mifugo huagiza afungiwe peke yake kwa siku 10, achunguzwe. Sababu yake ni hii: mbwa ambaye mate yake yalikuwa na ugonjwa siku aliyouma ataonyesha dalili, au atakufa, kabla siku hizo hazijaisha. Akiwa mzima baada ya siku hizo, basi hakumwambukiza yule mtu. Lakini mtu aliyeumwa asingojee siku 10. Na aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, kwa maana dalili za ugonjwa huu zikisha tokea kwa mtu, hakuna dawa ya kumponya.

Sasa fikiri, mkulima: una mbwa wa miaka 4 ambaye hajafungiwa hata siku moja. Ukimsukuma ndani ghafula atalia usiku kucha, atatafuna mbao mpaka meno yavunjike, na pengine atakuuma wewe. Halafu watoto watamhurumia na kumfungulia, na uchunguzi wote utakuwa umeharibika. Kwa hiyo mfundishe sasa, wakati hakuna shida.

Kizimba chenyewe si kazi ngumu. Mbao za mkaratusi na bati moja kuukuu zatosha. Kiwe na nafasi ya mbwa kusimama bila kuinamisha kichwa, kugeuka, na kulala amejinyoosha. Kwa mbwa wetu wa kawaida, futi 3 na nusu kwa 2, na kimo cha futi 2 na nusu, hufaa. Acha nafasi baina ya mbao ili hewa ipite. Kiweke kivulini, karibu na nyumba, kwa sababu mbwa hupenda kuona watu wake. Ukikiweka nyuma ya choo atadhani ametupwa. Tandika gunia alilokwisha kulilalia, lenye harufu yake.

Siku za kwanza usifunge mlango kabisa. Ufunge kwa kamba ukae wazi, usije ukampiga mgongoni akaogopa. Weka chakula chake mlangoni. Akila bila wasiwasi, kesho sogeza sahani ndani kidogo, na kesho kutwa zaidi, mpaka awe anaingia mzima mzima kwa hiari yake. Mbwa mmoja atafanya hivyo kwa siku 3, mwingine kwa majuma 2. Usimvute kwa kamba shingoni. Ukimvuta mara moja utapoteza kazi ya juma zima.

Akisha zoea kula ndani, rudisha mlango anapokula na ufungue kabla hajamaliza. Siku nyingine ngoja dakika 2 baada ya kumaliza, kisha 5, kisha 10, nawe ukiwa karibu ukipukuchua mahindi yako. Mpe mfupa mkubwa autafune. Baadaye ondoka kidogo, urudi. Kabla ya kumfungia muda mrefu mtembeze kwanza ajisaidie, na umwachie maji. Akinung'unika kidogo, ngoja anyamaze ndipo ufungue, asije akajifunza kwamba kelele ndizo ufunguo. Lakini akihema sana, akitoa mate na kukwaruza mlango kwa nguvu, hiyo ni hofu, si ukaidi. Mfungulie, na kesho rudi nyuma hatua mbili.

Wako wanaosema mbwa mkubwa hafundishiki, ati samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni ya kweli kwa mambo mengi, ila mbwa si samaki. Tumbo lake humfundisha katika umri wowote. Linaloharibu kazi ni fimbo. Mbwa akila kuku ukamchapa na kumtupa kizimbani, kizimba kimekuwa jela, na hataingia tena kwa hiari. Waonye watoto pia wasimchokoze kwa vijiti akiwa ndani.

Akisha zoea, faida ni nyingi. Jike akiwa katika joto utamfungia asikusanye madume ya skimu nzima. Na siku ya chanjo ya kichaa, ambayo ni kila mwaka, hutamkimbiza katika mahindi wakati Bwana Mifugo anangoja barabarani: mwite asubuhi kwa chakula chake, funga mlango, kisha mtie kamba umpeleke.