Soko Lililojengwa Ili Lihamwe

Desemba 21, 1992, mjini Kraków, Poland, Hungaria na Chekoslovakia zilitia saini Mkataba wa Biashara Huria wa Ulaya ya Kati, unaojulikana kwa kifupi kama CEFTA. Siku kumi baadaye Chekoslovakia ikagawanyika, na nchi tatu zikawa wanachama wanne. Mkataba huo hutajwa mara nyingi kama ushahidi kwamba majirani waliotoka kwenye ukomunisti waliweza kujijengea soko lao wenyewe. Naona unasomwa kinyumenyume. CEFTA ilifaulu kwa kuwa hakuna mwanachama aliyepanga kuzeekea humo. Ilikuwa nyumba ya kupanga, na kila mpangaji alishaweka macho kwenye kiwanja kingine.

Tangu 1949, Comecon, chombo cha kiuchumi cha kambi ya Moscow, ndicho kilichogawa kazi: Hungaria, kwa mfano, ikawa fundi wa mabasi ya Ikarus kwa kambi nzima. Mwaka 1991 biashara hiyo ilipohamishiwa ghafla kwenye fedha za kigeni na bei za soko la dunia, iliporomoka, na mwaka huohuo Comecon ikavunjwa. Serikali mpya hazikuwa na hamu ya kufufua udugu wa kuamriwa. Zilitazama Brussels, na Desemba 1991 zikasaini mikataba ya ushirika na Jumuiya ya Ulaya. Hapo ndipo kasoro ilipojitokeza: mashine ya Kijerumani ilipewa nafuu ya ushuru kuingia Poland, nafuu ambayo mashine iliyotoka Budapest haikuwa nayo. CEFTA ilikuja kuziba tundu lililotobolewa na mkataba mwingine, wala haikuficha jambo hilo. Mkutano wa Poznań wa 1994 ulitaka nchi inayoomba kujiunga iwe kwanza na mkataba wa ushirika na Brussels. Yaani ukitaka kuingia kwa jirani, onyesha tiketi ya kwenda kwingine! Mei 1, 2004, wanachama watano walihamia Umoja wa Ulaya siku moja.

Atakayepinga atasema biashara baina yao iliongezeka kweli, kwa hiyo soko lilikuwa lao. Iliongezeka, ila tutazame mizigo iliyokuwa ndani ya malori. Volkswagen iliingia Škoda na Bratislava mwaka 1991, na Audi ikaanza Győr, Hungaria, mwaka 1993. Viwanda vya namna hiyo hukwazwa zaidi na cheti cha uasili wa bidhaa kuliko ushuru wenyewe: gari lililounganishwa Slovakia likiwa na vipuri vingi kutoka nchi ya tatu huweza kuambiwa si la Slovakia, likanyimwa msamaha wa ushuru. Mwaka 1997 kanuni zililegezwa, vipuri vya nchi zote za mtandao wa mikataba ya Ulaya vikawa vinajumlishwa kana kwamba vimetengenezwa nyumbani. Mtandao huo kitovu chake kilikuwa Brussels. Kwenye kilimo, ambako hakukuwa na kiwanda cha Kijerumani cha kuwaharakisha, majirani hawakuwahi kufunguliana mipaka kikamilifu.

Jaribio la pili liko Balkani. Desemba 2006, mjini Bucharest, CEFTA ilipanuliwa ikaingiza Albania, Serbia, Bosnia, Moldova, Kosovo na wengine, na safari hii ikapewa hadi sekretarieti. Karatasi ilikuwa bora kuliko ya Kraków, matokeo yakawa hafifu. Novemba 2018 Kosovo iliziwekea bidhaa za Serbia na Bosnia ushuru wa asilimia 100, na ukadumu hadi 2020. Kuna watakaosema hayo ni makovu ya vita, hayahusiani na Brussels. Makovu yapo, lakini yalikuwapo pia Aprili 2013, Serbia na Kosovo zilipofikia makubaliano ya kurekebisha uhusiano wao wakati Belgrade ikisubiri kuanza mazungumzo ya uanachama. Mwaka 2014 Jean-Claude Juncker, aliyekuwa anashika uongozi wa Tume ya Ulaya, akatangaza kwamba hakuna mwanachama mpya atakayepokelewa kwa miaka mitano. Makovu yalikuwa yaleyale. Kilichosogea mbali ni mlango.

Umoja wa Kiuchumi wa Eurasia, ulioanza 2015, hauipingi hoja hii, kwa maana mwenye nguvu, Moscow, yumo ndani. Na hata hivyo, Moscow ilipopiga marufuku vyakula vya Ulaya mwaka 2014, Belarus na Kazakhstan hazikuifuata, ingawa zilikuwa nayo katika umoja mmoja wa forodha.

Serbia, Albania na Makedonia Kaskazini zilichoka kusubiri zikaanzisha mpango wao wa kufunguliana mipaka, uliopewa jina la Balkani Wazi mwaka 2021. Nchi nyingine tatu za eneo hilo hazikujiunga, na mwaka 2023 Edi Rama, waziri mkuu wa Albania, akasema mpango huo umemaliza kazi yake. Novemba mwaka huo Brussels ilipendekeza euro bilioni 6 kwa nchi sita za Balkani, kwa sharti la mageuzi na soko la pamoja. Juni 2023 Kosovo ilikuwa imezuia tena bidhaa za Serbia. Oktoba 2024, siku chache kabla ya viongozi wa eneo hilo kukutana Berlin, ikaziruhusu kupita kwenye kivuko cha mpakani cha Merdare.