Kamba Peke Yake Haitoshi: Mzigo wa Pikapu Kutoka Katumba Songwe

Mpunga ukishavunwa kwenye tambarare ya Katumba Songwe, wilayani Kyela, hakuna chombo kinachokaa bila kazi. Baiskeli, bodaboda, guta, kirikuu na pikapu, vyote hubeba: magunia ya mpunga na kakao, madumu ya mawese, mikungu ya ndizi. Njia ya udongo yenye mashimo hufuatiwa na lami, lami na matuta yake, kisha mlima. Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali barabara inayopita Tukuyu kwenda Uyole hupanda hadi kuvuka mita 2,000. Pikapu inayotoka bondeni kwenda Mbeya hutikiswa, huinamishwa na kuinuliwa pua ndani ya safari moja. Mzigo uliopakiwa ovyo hauwezi kufika ukiwa pale pale ulipowekwa.

Dereva anapokanyaga breki, gari husimama lakini mzigo hutaka kuendelea na safari. Kanuni za ufungaji wa mizigo za Ulaya na Marekani zinataka mzigo uzuiwe upande wa mbele kwa nguvu isiyopungua asilimia 80 ya uzito wake, na upande wa nyuma na pembeni kwa nusu ya uzito huo. Chukua magunia manane ya kilo 100. Breki kali huyasukuma mbele kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 640. Kama yalipangwa yakiwa yamegusa ukuta ulio nyuma ya kabini, nguvu hiyo inapokelewa na ukuta. Kama yaliachiwa uwazi wa nusu mita, huchukua mwendo kwanza, ndipo yagonge, na hapo ukuta unapigwa kwa nguvu kubwa zaidi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupanga. Kufunga kunafuata.

Kazi ya pili iko chini, mahali ambapo wengi hawapaangalii. Sakafu ya pikapu ni bati lililopakwa rangi, na mifuko ya sandarusi inateleza juu yake, hasa mvua ikinyesha. Na Kyela mvua si jambo la kusubiri sana. Majani ya migomba yanayotandikwa ili ndizi zisichubuke nayo yana hila: yakipondeka hutoa maji na kuwa utelezi mtupu. Kipande cha mpira kutoka tairi chakavu, kikitandazwa chini, hushika mzigo kuliko bati tupu. Ni kitu cha bei ndogo, na inashangaza kuona jinsi kinavyodharauliwa.

Ndipo ije kamba. Kamba inayopita juu ya mzigo hufanya kazi kwa kuukandamiza kwenye sakafu. Ikishuka wima pembeni, nguvu yote ya mkazo wake inaelekea chini. Ikilala kwa nyuzi 30 kutoka usawa wa sakafu, inabaki nusu tu. Ndiyo maana mzigo mfupi, ulio chini ya kingo za bodi, haushikwi kabisa na kamba iliyofungwa kutoka ukingo hadi ukingo. Kamba inapita juu yake bila kuugusa, na dereva anaondoka akiamini amefunga. Mzigo wa namna hiyo unahitaji ndoano za chini, ndani ya bodi.

Kamba zenyewe hazilingani. Ya katani ikilowa hukaza, ikikauka hulegea. Ya nailoni hunyumbuka, na hunyumbuka zaidi ikiwa imelowa. Vipande vya tyubu vinafaa kushikilia turubai, lakini havifai kuzuia gunia, kwa sababu kila tuta linaporusha mzigo, navyo vinarefuka. Mkanda wa poliesta wenye kifaa cha kukazia ndio bora. Asiye nao afanye kama matingo wazoefu: tanzi hufungwa katikati ya kamba, ncha inapitishwa kwenye ndoano ya chini, inarudishwa juu kupitia lile tanzi, kisha inavutwa kwa uzito wa mwili mzima. Mkazo unaopatikana unazidi kwa mbali ule wa kuvuta moja kwa moja.

Kuhusu kufunga, kuna la kujifunza pia kwa wasafiri. Mpakani Kasumulu, katika wilaya hiyo hiyo ya Kyela, hupita wasafiri wanaotoka Afrika Kusini kupitia Malawi, baadhi yao wakielekea ufukwe wa Matema. Pikapu zao nyingi zina hema juu ya paa. Lakini iko aina nyingine ambayo gari hubeba chumba kizima mgongoni: kitanda, jiko, tangi la maji. Huko Marekani vyumba vikubwa vya namna hiyo huzidi tani moja, na vinaweza kushushwa na kuachwa vimesimama kwa miguu yao. Chumba kama hicho kikihama hata kidogo, kingo za bodi zinaharibika, kwa hiyo wenyewe hawabahatishi. Huweka mpira chini, magogo ya mbao mbele ili chumba kisisogelee kabini, na vyuma vya kukazia kwa kuzungusha kwenye pembe nne. Mara nyingi vyuma hivyo hushikwa kwenye chesisi, kwani bati la bodi huchanika. Vingine vina springi, maana chesisi na bodi hujipinda njiani, na kilichokazwa bila nafasi yoyote hung'oa kishikio chake.

Fundi wa kuchomelea wa Kyela ana la kuchukua hapo. Ndoano iliyochomelewa kwenye bati jembamba ni pambo tu. Iwekewe bamba nene chini yake, au ifikishwe kwenye chesisi.

Mahali pa kuweka uzito napo pana siri yake. Vitu vizito vikae mbele ya ekseli ya nyuma. Vikirundikwa mkiani, gari likianza kupanda kuelekea Tukuyu uzito unazidi kurudi nyuma, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na usukani hautii vizuri. Mlango wa nyuma ukiwa umeshushwa kwa ajili ya mbao ndefu, mlimani hakuna kinachozuia mbao hizo isipokuwa kamba.

Mara nyingi juu ya magunia hayo hupandishwa watu, eti wasaidie kushikilia mzigo. Mtu hawezi kuzuia kilo 640. Atatangulia yeye kuruka. Dereva awashushe abiria hao wapande gari la abiria, kisha asimame Ibanda kabla ya mlima, ajaribu kila kamba kwa mkono na kuikaza upya, kwa sababu magunia huwa yameshajishindilia na kamba zimelegea.