Hologramu kwenye kitambulisho: Kwa nini ni vigumu kuighushi?

Ukiinamisha kitambulisho kwenye mwanga, picha ndogo hubadilika rangi. Hiyo ni hologramu. Mbinu yake ilivumbuliwa mwaka 1947 na Dennis Gabor, mwanafizikia mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Uingereza. Mwaka 1971 alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Rangi hizo hazitokani na wino. Ni mistari midogo mno, isiyoonekana kwa macho, inayotawanya mwanga. Mashine ya fotokopi hunasa mwonekano wa upande mmoja tu, hivyo nakala haibadiliki.

Hataza humlinda mvumbuzi, kwa kawaida miaka 20, lakini humtaka aeleze mbinu yake hadharani. Kinga basi haiko kwenye siri pekee, bali kwenye ugumu wa kuitengeneza. Kabla ya kuamini kitambulisho, kiinamishe: hologramu isiyobadilika ni ya kutiliwa shaka.